Kumpima Mwanika Dagaa

Nina ugonjwa wa kuuliza. Nilipokuwa mtoto, mama akinituma dukani pale Ujiji nilikuwa narudi bila chumvi, lakini na habari kamili ya kwa nini mwenye duka kanuniana na shemeji yake. Nilichapwa, nikaambiwa niache umbea, sikuacha. Nimekua, nimesoma, na sasa nalipwa mshahara kwa umbea ule ule. Tofauti ni kwamba siku hizi navaa koti jeupe.

Kazi yangu, nikiieleza bila mbwembwe, ni kumwangalia mtu aliyeugua na kusema kama anaweza kurudi kwenye shughuli yake, au arudi kidogokidogo, au atafute nyingine. Hapa Kigoma wengi hawajui kama kuna kazi ya namna hiyo. Wapo wanaodhani natafutia watu ajira. Nikipita mtaani vijana wananipa vyeti vyao. Aliyevunjika mkono hanisumbui. Namwambia inua ndoo, anainua au anashindwa, tumemaliza. Anayenitoa jasho ni mwenye sonona, au mwenye wasiwasi usiokwisha, na mara nyingi hayo mawili yanaishi ndani ya mtu mmoja kama wapangaji wa nyumba moja. Mikono anayo, miguu anayo. Ukimwambia inua ndoo, anainua vizuri tu. Kesho yake hatoki kitandani, na ukimuuliza kwa nini, hajui.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zinanukia, aliingia ofisini kwangu mama mmoja mwenye mwili, kajifunga kitenge juu ya kitenge, harufu ya dagaa imemtangulia mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanigeuzia salamu ya Kiha, mwakeye, na tukaanza upya. Aliulizia nyumba, akaulizia watoto, akaulizia mpaka mashamba ambayo sina. Yeye ni mzaliwa wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, na watu wa kule hawaamini kwamba umemsalimia mtu mpaka ukauke koo. Alipomaliza ndipo akakaa.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kutafuta neno moja tu. Mwenzetu mmoja anatibiwa hapa kwenu, yule wa mawazo. Anaweza au hawezi?"

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi. Akanieleza. Kila mwanachama ana kichanja chake, yaani ile meza ndefu ya miti na wavu ambayo dagaa hutandazwa juu yake wakaushwe na jua. Maboti huvua wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, na mbalamwezi ikiingia watu wote hupumzika. Sasa kanuni yao ni kwamba mwanachama asiyefanya kazi kwenye kichanja chake giza zima anakiachia mwingine, na wanaosubiri ni wengi. Mgonjwa anasamehewa, mradi hospitali iseme kwamba atarudi kazini. Mwenzao alikuwa amefika mwisho wa kusamehewa. Kwenye mkutano wa mbalamwezi inayofuata, mwenyekiti alitakiwa kutoa jibu.

"Akinyang'anywa kichanja atafanya nini?" nikauliza.

Akanitazama kama nimemuuliza samaki akitolewa majini atafanya nini. "Hana kingine," akasema.

Huyo mwenzao nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Ujiji, babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mumewe anafanya kazi kwenye meli za mizigo, huonekana kwa nadra. Yeye anaishi na wanawe wawili na wifi yake. Daktari wetu wa magonjwa ya akili alikuwa amemwanzishia dawa, na alisema zinamsaidia, ila taratibu. Nikamwita.

Nilimuuliza analala vipi. Akasema analala vizuri. Anakula? Anakula, anamshukuru Mungu. Nyumbani? Salama. Moyo haumwendi mbio? Hapana, salama tu. Nikatambua kwamba hatujaanza mazungumzo, bado tunasalimiana. Ndivyo tulivyo sisi, mtu habari zake ni nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Nikanyamaza, nikachezea kalamu, nikamwacha amalize nzuri zake zote. Ndipo akasema, "Ila dada, asubuhi mwili unakuwa mzito kama nguo iliyolowa. Na nikishainuka, moyo unaanza kukimbia, naona kuna kitu kibaya kinakuja, sijui kitu gani."

Nikamuuliza kulitokea nini. Akatazama sakafu. Hakukuwa kumetokea kitu. Hajafiwa, hajaachwa, hajagombana na mtu. Watu walikuwa wamemtafutia sababu mpaka wamechoka. Wifi yake alimpeleka kwa shehe, jirani akamwambia ni jicho la watu. Kukosa sababu kulimuumiza kuliko ugonjwa. Alisema angekuwa amefiwa angalau angeeleweka.

Nikaamua kwenda kumwona kazini kwake, maana ofisini hapapimwi kitu. Nilipiga simu nikamwambia mwenyekiti nakuja. Kosa. Nilifika Kibirizi jua limeshapanda, na kabla sijatia mguu kati ya vichanja, kazi yote ilisimama. Kiti cha plastiki kilitoka sijui wapi, kikafutwa kwa kanga, nikakalishwa kivulini. Soda ikaja. Wanawake wakanawa mikono, wakaja kukaa nami. Yule niliyekuja kumwona akakaa karibu yangu zaidi ya wote, mikono mapajani, kama bibi harusi. Nikasema jamani endeleeni. Wakasema ndiyo, tunaendelea, wakaendelea kukaa. Huku kwetu huwezi kumgeuzia mgeni mgongo ukainamia dagaa, ni utovu wa adabu wa kusimuliwa. Niliondoka nimeshiba soda na sijamwona akigusa dagaa hata mmoja.

Nikajiambia, basi nitamwona nyumbani bila taarifa. Kazi za nyumbani nazo ni kazi. Nilibisha hodi Ujiji mchana, nikamkuta amejilaza mkekani. Weee. Aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alitwanga sombe, yaani kisamvu, akaiunga kwa mawese, akakaanga samaki wa migebuka, akasonga ugali wa muhogo, huku ananichekesha na kuniulizia nyumbani. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua: huyu mtu ana nguvu kunishinda mimi, anaweza, hakuna ubishi.

Siku kadhaa baadaye nilikutana na wifi yake sokoni. Hakunisalimia vizuri.

"Umemuua dada wa watu," akasema. "Tangu ulipoondoka hajainuka. Alitumia nguvu zote kukupikia, akaanguka pale pale kwenye mkeka."

Nilisimama na nyanya zangu mkononi. Kazini nilimwona hafanyi lolote, nyumbani nilimwona anafanya kila kitu, na yote mawili yalikuwa uongo. Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Hasira ilipopoa ilibaki hamu ya kujua, na hiyo ni mbaya zaidi kwangu. Huyu mtu anafanyaje kazi pasipo kuwepo mtu wa kumtazama?

Nikajaribu kumchungulia. Ndiyo, mtu mzima na heshima zangu nilikaa kwenye kibanda cha chai pale Kibirizi, nimejitanda ushungi, nikijifanya nasubiri boti. Chai haijapoa, mama mmoja akatokea na kile kiti cha plastiki. "Daktari, mbona umekaa huku kwenye moshi?" Nikajua kwamba katika mji huu kumpeleleza mtu haiwezekani.

Jibu nililipata kwa njia moja tu iliyobaki. Nilikuwa na likizo yangu haijaguswa. Wenzangu likizo huenda Dar, wengine husafiri kwenda kuona wakwe. Mimi nilikwenda kwa mama mwenyekiti nikamwambia anipe kazi, mpaka giza la mwezi ule liishe. Alicheka mpaka akashika kichanja.

"Mikono hiyo?"

"Hii hii."

"Nitakutukana."

"Nitukane."

Na kweli nilitukanwa. Alfajiri maboti yakiingia, wanawake wanakimbilia majini na mabeseni, wanapanga bei na wavuvi kwa kelele, wabeba mizigo wanapita katikati wanasema pisha pisha, na mimi niko katikati nimelowa mpaka kiunoni, nakanyaga kila mguu usio wangu. Nilitandaza dagaa wakarundikana. Nikaambiwa natandaza kama mtu anayelisha kuku. Siku ya kwanza bado kiti kililetwa. Nilikikataa. Baada ya hapo hakikuletwa tena, na nilipochelewa kugeuza niliitwa mvivu mbele ya watu wote. Hapo nikajua kwamba nimeacha kuwa mgeni, na macho yangu yakaanza kuona.

Niliona kwamba asubuhi yule mgonjwa hayupo. Mwenyekiti ndiye aliyemnunulia dagaa botini. Mama wa kichanja cha pili, jirani yake, ndiye aliyewatandaza. Mwingine aliwageuza mara ya kwanza, kimyakimya, kama anayeiba. Jua likishapanda ndipo mwenyewe anafika, anatembea taratibu, amejifunga vizuri. Na akifika, nini kinatoka? Kiti cha plastiki. Kinafutwa. "Kaa, pumzika, shoga." Akinyoosha mkono kuelekea kwenye dagaa wake, mtu anamwahi. "Acha, acha, nitafanya mimi." Anakaa. Anaweka mikono mapajani. Jioni anawafunga dagaa ambao hakuwagusa, anarudi Ujiji.

Wamemgeuza mgeni. Niliyaona hayo nikiwa nimeinama, mgongo unaniuma, na nusura nipige kelele. Kila mmoja wao alimsaidia kwa moyo mweupe, na kila mmoja aliona msaada wake ni mdogo tu. Halafu wakikaa wenyewe wanaongea: yule mwenzetu hafanyi kitu, anakaa tu, kichanja kinafanyiwa kazi na sisi, na kuna watu wanasubiri. Hawakuwa wanasema uongo. Upendo wao ulikuwa unamtoa kichanjani, na hakuna aliyeliona hilo. Kwa mtu ambaye kichwa chake kinamwambia kila asubuhi kwamba hana faida, kukalishwa kitini akitazama wenzake wakifanya kazi yake ni kumpa ushahidi.

Mchana ule nilimvuta mwenyekiti pembeni. Nikamwomba kwamba siku zilizobaki, dagaa wakishatandazwa, mtu yeyote asiguse kichanja chake, na kiti kifungiwe stoo.

"Unataka tumwache aumbuke?" akauliza.

"Nataka tumwache afanye, tuone anafanya nini."

"Akishindwa?"

"Tutajua ameshindwa wapi."

Hakupenda. Alinitazama mpaka nikadhani atanifukuza. Kisha akasema haya, lakini dagaa wakiharibika atanisema mpaka kwa mkubwa wangu wa hospitali. Wanawake wengine hawakupenda pia, mmoja alininunia wazi.

Kesho yake alifika, akatafuta kiti kwa macho, hakukiona. Mimi mwenyewe nilikaa na kumweleza tunachojaribu, sikutaka kumfanyia mchezo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akakaa chini kwenye changarawe. Hakuinuka. Jua likawapiga dagaa wake upande mmoja, wakaanza kushikana na wavu. Mama wa kichanja cha pili alipita mara kadhaa akiuma mdomo. Nami pia mikono iliniwasha. Hamu yote ya kujua iliniisha pale, nikabaki na huruma na hofu kwamba nimekosea.

Halafu akainuka. Sijui kwa nini wakati ule, nilimuuliza baadaye naye hakujua. Akaanza kugeuza, na mikono yake ilikuwa ya mwanika dagaa, hakuna swali. Ila hakuacha. Aliwageuza, akafika mwisho wa kichanja, akarudi mwanzo, akawageuza tena. Wingu dogo lilitokea upande wa Kongo, akakimbia kuleta turubai, akafunika. Wingu likapita. Akafunua. Akatazama juu, akafunika tena, na jua linawaka pale pale. Wenzake walikuwa wamekaa wanakunywa uji. Jioni nusu ya dagaa wake walikuwa wamekatika vichwa, chengachenga tupu.

Nikakaa naye kwenye changarawe.

"Unaona nini ukitazama juu?"

"Mvua."

"Iko wapi?"

"Haipo," akasema. "Najua kwamba haipo, dada. Lakini naiona."

Nilimwamini. Nimesoma vitabu vingi vya wasiwasi na hakuna kilichonieleza kwa uwazi ule. Haikuwa kwamba hajui kazi, wala kwamba hana nguvu. Asubuhi kitu kilimkalia kifuani asiinuke, na akishainuka kitu kingine kilimfukuza asitulie. Kati ya hayo mawili kulikuwa na nafasi ndogo, na nilitaka kujua ukubwa wake.

Tukajaribu. Nilimwomba asitazame mbingu kabisa, amtazame mama wa kichanja cha pili tu: akigeuza, ageuze, akifunika, afunike, akikaa, akae, hata kama mikono inamwasha. Mara ya kwanza alitetemeka akikaa. Alishika magoti yake, akayabana. Lakini alikaa, na dagaa wa siku ile walitoka wazima, si wote, wengi wao. Siku iliyofuata alichelewa, ila alifanya. Nilimwona akimtania jirani yake kuhusu uji, na jirani akacheka kwa mshangao.

Maboti tulijaribu pia. Tulikwenda pamoja alfajiri, nimemshika mkono. Zile kelele za kupanga bei zilipoanza alishika kitenge changu, akakikunja kwenye ngumi, pumzi ikawa fupi, uso ukalowa jasho na asubuhi ina baridi. Nikamtoa, tukakaa juu ya mawe mpaka pumzi ikarudi. Alilia. Alisema zamani alikuwa akiwashinda wavuvi kwa mdomo, walikuwa wanamkwepa. Baada ya siku hiyo hakuja kabisa kwa muda. Nilimpigia simu haikupokelewa, nilikwenda Ujiji nikaambiwa amelala amegeukia ukutani. Wifi yake alinifungulia mlango bila kuniuliza neno, na hilo nililiona kama kutukanwa. Nilikaa kando ya mkeka. Kisha siku moja akarudi kazini, akaenda moja kwa moja kichanjani, akaanza kugeuza.

Likizo yangu ikaisha, giza likaisha, mwezi ukatoka. Mimi nilikuwa na mikono iliyopasuka na jibu ambalo halikuwa lile neno moja lililokuja kutafutwa ofisini kwangu. Nilimweleza daktari wetu, akacheka kwa sababu nilinuka dagaa, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika na nilichokiona, na nilichokiona kinabadilika.

Jambo moja lilinitesa. Uwezo wa kazi tunauandika kama vile uko ndani ya mtu, kama damu, ukimpima utaupata. Ule wa mwanamke huyu ulikuwa sehemu ndani yake na sehemu kwa jirani yake wa kichanja cha pili. Ukimhamisha jirani, unapungua. Ukirudisha kiti, unakwisha. Sasa nimeupima wa nani? Mpaka leo najiuliza.

Mkutano ulifanyika mchana, chini ya bati la kikundi, vichanja vikiwa vitupu na nyavu za maboti zimeanikwa ufukweni. Walikuwepo wote. Mwenye jambo alikaa nyuma kabisa, karibu na nguzo, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Mwenyekiti alisema dua na sala, maana wapo wa pande zote mbili, kisha akanisimamisha.

"Daktari, tumekungoja. Anaweza au hawezi?"

"Kuanika anaweza," nikasema. "Kugeuza anaweza, akigeuza pamoja na mwenzake. Kufunga anaweza. Kwenye maboti hawezi kwa sasa. Na zitakuwepo siku hatakuja kabisa, na haitakuwa uvivu."

"Atapona lini?"

"Sijui."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema kwa sauti, sisi tunajua mpaka mwezi unaandama lini, ninyi mliosoma hamjui mtu anapona lini? Wakacheka, nami nikacheka. Halafu yule aliyeninunia akasimama. Hakuwa na hasira. Alisema anampenda mwenzake, lakini mdogo wake mwenyewe anasubiri kichanja, mzima, hana mume, na watoto wanalala njaa. Akauliza kwa nini kichanja kikae na mtu ambaye hospitali yenyewe haijui kama kesho atakuja. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilianza kueleza kuhusu dawa na muda, nikasikia maneno yangu yanavyopwaya, nikaketi.

Mwenyekiti akageuka, akatazama nyuma kwenye nguzo.

"Na wewe," akasema. "Unakitaka?"

Nilishtuka. Nilikuwa nimemuuliza usingizi, chakula, mapigo ya moyo, nguvu za mikono, anaona nini mawinguni. Hilo sikuwahi kumuuliza. Katika miezi yote ya ugonjwa wake, na mkutano wote ule, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilitaka kumsaidia kujibu, nikafungua mdomo, mwenyekiti akaniinulia kiganja bila kunitazama. Mwenye jambo akavuta kanga kutoka kwenye nyusi, akaishusha mabegani.

"Nakitaka," akasema.

"Hatujasikia."

"Nakitaka. Tangu niumwe hakuna kitu nilichokitaka. Chakula sikitaki. Watoto wangu, Mungu anisamehe, zipo siku siwataki. Kichanja nakitaka mpaka naogopa."

Yule aliyesimama akakaa. Alikuwa analia, na sikujua anamlilia mwenzake au mdogo wake. Mwenyekiti alivuta pumzi, akasema basi, kikae. Yeye mwenyewe atakwenda botini kwa ajili ya wote wawili, na huyu mwenye kichanja atamgeuzia dagaa wake. Kichanja cha kwanza kitakachopatikana kitakwenda kwa yule mdogo wa mwenzao, hata kama kuna waliotangulia. Waliotangulia wakagunaguna, mwishowe wakakubali. Kisha akamgeukia tena.

"Siku usipokuja utatuma mtu aseme huji. Usiseme unaumwa, hatutakuuliza sababu. Sema huji."

"Nitatuma."

"Una lingine?"

Nilidhani atasema hana. Alisimama, akashika ile nguzo, akatutazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutazama chini.

"Kuna siku nitakuja kuwaambia sikitaki tena kichanja," akasema. "Nitasema vizuri, kwa adabu, na nitakuwa na sababu. Siku hiyo msiniamini."

Mwenyekiti akauliza nani amesikia. Wote wakanyoosha mikono.